Moramu Ilikuwa Inatosha

Kosa lilifanyika kabla ya pingili ya kwanza kutiwa ardhini. Lilifanyika asubuhi ile lori liliporudi nyuma hadi ukingoni mwa ule mteremko wa daraja la juu hapa Nairobi, likamwaga udongo mweusi wa pamba juu ya moramu safi. Tangu masika yaishe lawama zimekuwa nyingi: mmea umelaumiwa, mvua imelaumiwa, vijana wa kumwagilia wamelaumiwa. Mmea hauna kosa. Mvua ilinyesha kama masika yanavyonyesha. Aliyeagiza udongo ule ndiye aliyeiua aptenia iliyopandwa pale, na aliiua ikiwa bado kitaluni.

Kumbukeni mteremko ulivyokuwa ulipokatwa. Moramu nyekundu yenye changarawe, inayotazama magharibi, jua likiipiga tangu adhuhuri hadi linapotua, bila jengo wala mti wa kuitia kivuli. Kwa nyasi, hapo ni mahali pa kufia. Kwa mmea wa kutambaa wenye majani manono, hapo ndipo hasa. Aptenia asili yake ni mashariki ya Afrika Kusini na Eswatini, na jamaa zake wa familia ya Aizoaceae wameenea katika nchi kavu za kusini, wengi wao kwenye mawe na mchanga. Mizizi yake haishuki mbali. Inachotaka ni maji yapite upesi na hewa ibaki. Akiba ya maji inajiwekea yenyewe majanini. Moramu ile ilihitaji kukwaruzwa juu kwa jembe uma, sentimita tano hivi, basi.

Sasa ukaletwa udongo wa pamba. Wakazi wa Embakasi, Syokimau na Athi River hawahitaji kuelezwa tabia yake. Ni mfinyanzi wa jamii ya smektaiti, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Wakati wa mvua unanasa kiatu. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kiganja. Kila mzizi mwembamba uliopita mahali ufa unapofunguka hukatika, na jeraha la mzizi likikutana na unyevu wa mvua inayofuata, ukungu wa kuozesha una mlango wa kuingilia. Mmea wa mizizi mirefu ya kushika chini huenda ukavumilia misimu miwili mitatu. Aptenia, ambayo mizizi yake yote iko katika tabaka hilohilo linalovimba na kupasuka, haina pa kukimbilia.

Lipo jambo jingine ambalo sijasikia mtu akilitaja, nalo ndilo lililomaliza kazi. Udongo wenye vitundu vidogo ukilazwa juu ya ulio na vitundu vikubwa, maji hayashuki moja kwa moja kutoka juu kwenda chini kama watu wanavyodhani. Yanashikiliwa katika tabaka la juu mpaka lishibe kabisa, ndipo yaanze kupenya kwenye changarawe. Kwa hiyo ule udongo wa pamba, tabaka la sentimita 15, haukuongezea mteremko kitu. Uliinyang'anya moramu kazi yake ya kupitisha maji. Chini kulikuwa na mfereji bora ambao maji hayakuufikia kwa wakati, na juu yake mizizi ikakaa ndani ya tope wiki baada ya wiki. Mashina yalianza kuwa meusi shingoni, pale yanapogusa udongo, huku ncha zikiwa bado kijani. Ndiyo sababu wengi walidhani mmea unaendelea vizuri hadi siku ulipolala wote kwa pamoja.

Halafu kuna uzito. Mfinyanzi uliolowa, umebeba mimea iliyojaa maji, umelazwa juu ya uso mgumu uliosawazishwa na mashine, tena kwenye mteremko mkali: hakuna kinachoushikilia. Wakati wa masika ndimi tatu za tope ziliteremka hadi kwenye mtaro wa barabara, mliziona wenyewe. Mkandarasi alisema mvua ilizidi. Hapana. Moramu iliyo chini haikusogea hata kidogo. Mkienda sasa mtaiona imesimama palepale ilipokatwa. Kilichoteremka ni kile kilicholetwa na lori.

Na kinachoniuma kuliko yote ni hiki. Wahandisi wetu wa barabara wakikuta udongo wa pamba njiani, wanauchimba na kuuondoa, kisha wanaleta moramu ya kujazia, kwa sababu udongo unaovimba na kusinyaa utapasua lami. Wanalipwa kuuondoa. Watu hao wanajua, kwa vipimo na kwa hesabu, kwamba udongo ule hautulii. Iweje udongo usioaminika kubeba lami iliyolala tambarare uaminiwe kukaa kwenye mteremko, tena ubebe mmea wenye mizizi ya sentimita chache?

Nadhani ninajua ulikotoka uamuzi wenyewe. Mikataba ya kupendezesha barabara huandikwa kwa kunakili ile ya nyasi. Nyasi zinadai udongo wa juu wenye rutuba, kwa hiyo kipengele cha udongo kinabaki mkatabani hata mmea unapobadilishwa, na mkandarasi hulipwa kwa kila tani anayoimwaga. Msimamizi akija anapima unene wa tabaka kwa rula, akikuta umetimia anatia sahihi. Udongo ni wa aina gani, hakuna safu ya kujaza. Nimelalamikia utumwa huu wa nyasi tangu nianze kuandika safu hii, na nitaendelea. Tumeufanya uwanja wa nyasi kuwa kipimo cha kila bustani, hata pale tunapopanda mmea ambao sifa yake kubwa ni kutotaka vitu ambavyo nyasi zinataka.

Samadi nayo ilichanganywa katika udongo ule. Aptenia ni mmea wa njia mbili: ikiwa na maji ya kutosha hufungua vitundu vya majani mchana kama maharagwe yanavyofanya, na ukame ukibana, hugeukia njia iitwayo CAM, inafungua vitundu usiku kwenye baridi na kufunga mchana, hivyo inapoteza maji kidogo sana. Ukiilisha nitrojeni na kuinywesha kila siku, haina sababu ya kubana matumizi. Inarefusha mashina laini, inanenepesha majani, na maua yanakuwa ya kuhesabika. Wapita njia walisifu ukijani ule wa mwezi Machi. Mimi niliutazama nikaona mmea unaolishwa kuelekea kaburini. Na samadi mbichi ilileta kishona nguo na mchicha pori, mbegu ambazo moramu tupu haikuwa nazo, kwa hiyo vijana wakalazimika kukanyaga mteremko uliolowa wakipalilia.

Haki itendeke: pingili zilikuwa na afya, nafasi ya sentimita 30 ilikuwa sahihi, na kupanda mwishoni mwa Februari kulikuwa na akili.

Boza la maji sasa. Wanaonisoma wanajua msimamo wangu juu ya boza. Mpira wa shinikizo ulioelekezwa kwenye mche wa wiki mbili unafukua mizizi kabla haijashika, na kumwagilia jioni kwenye udongo usiopitisha maji ni kuulaza mmea majini usiku kucha. Hata hivyo mara hii siwezi kuliweka kosa la boza mbele. Kwenye moramu, maji yaleyale yangepita na mmea ungeokoka. Vijana walifuata ratiba waliyopewa. Ratiba iliandikwa kwa ajili ya nyasi, kama udongo ulivyoagizwa kwa ajili ya nyasi.

Vitalu vinavyouza miche hii vina lao pia. Ile yenye maua mekundu inayouzwa kama aptenia halisi mara nyingi ni chotara, na kwenye viriba huwa imekuzwa katika udongo mzito wenye mboji nyingi. Mche wa namna hiyo ukichukuliwa, utikiswe udongo wote kwanza. Bora zaidi ni kukata pingili.

Waliokuja kabla yetu walijua kujaribu kwanza. Mwaka 1971 René Haller alikabidhiwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa: sakafu ya mawe ya matumbawe, yenye joto la kuunguza, maji ya chumvichumvi chini, bila udongo. Alipanda aina 26 za miti, akaiacha iseme yenyewe. Zilizobaki hai zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi na damas. Akaenda na zilizokubali. Majani makavu ya mivinje yalipolundika bila kuoza, alileta majongoo wakayatafuna, na taratibu udongo ukajengeka juu ya jiwe. Haller hakulifunika jiwe kwa udongo wa kuletwa ili aweze kupanda alichokipenda. Alitafuta kiumbe kinacholitaka jiwe. Sisi tulikuwa tumeshakipata kiumbe hicho, tumekinunua na kukilipia, tukakiharibia jiwe lake.

Na hapa Nairobi kwenyewe, mtu anayetajwa kila jiji hili linapoitwa la kijani ni Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji kuanzia mwaka 1947. Bogainvilia za kandokando ya barabara zetu ni urithi wa kazi yake. Bogainvilia huchanua zaidi ikibaniwa maji na mbolea. Ukiibembeleza inatoa majani na miiba. Yeyote aliyekulia jiji hili ameiona ikiwaka rangi kwenye kona zenye vumbi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupeleka ndoo. Somo la mmea unaopendezwa na uhaba limekuwa mbele ya macho yetu kwa zaidi ya nusu karne, na bado tunaita lori la samadi.

Kuna watakaosema kosa lilikuwa kuchagua mmea wa majani manono kwa ajili ya mteremko, na watataja California. Mfano huo naujua vizuri, na ni mzito. Huko walipanda Carpobrotus edulis, jamaa wa familia moja na aptenia mwenye majani makubwa zaidi, kwanza kando ya reli mwanzoni mwa karne ya 20, kisha idara ya barabara kuu ikaendelea kuupanda hadi miaka ya 1970. Matawi yake hurefuka mita moja na zaidi kwa mwaka, kila kifundo kinaweza kutoa mizizi, na wanyama hula matunda na kusambaza mbegu. Ulikimbilia kwenye vilima vya mchanga vya pwani ukaifunika mimea ya asili, na kwenye miteremko mikali zulia zito lililojaa maji juu ya mizizi mifupi limewahi kuporomoka baada ya mvua. Basi funzo la huko linaniunga mkono: kwenye mteremko, uzito ndio adui. Aptenia yenye njaa kwenye moramu ni nyepesi, fupi na imeshikana. Aptenia iliyoshiba samadi kwenye tope la sentimita 15 ni California ndogo tuliyoitengeneza kwa mikono yetu. Kuhusu kutoroka, onyo ni la kweli: usiipande kando ya mto wala pembeni mwa msitu. Pwani ningeiacha kabisa, kwa kuwa kule ipo mboga ya pwani, Sesuvium portulacastrum, inayotambaa yenyewe kwenye mchanga wa chumvi na kutoa maua ya waridi bila kuombwa.

Ushahidi wa mwisho uko mtaani, na unaweza kuonekana kutoka dirishani mwa matatu. Upande wa kusini wa mteremko, karibu na nguzo ya mwisho, udongo wa lori uliisha. Walipanda hivyohivyo kwenye moramu tupu, ukanda wa upana wa hatua chache. Boza lilikuwa haliufikii vizuri. Miche ileile, siku ileile, mvua ileile. Ukanda ule ulichelewa kufunika, na mwezi Machi ulionekana dhaifu kando ya ule ukijani mwingine. Leo ndio pekee uliobaki, majani madogo yenye wekundu kidogo pembeni, na jua likiwa kali maua yake yanafunguka kwa mamia.

Kazi ya kurekebisha haihitaji mkataba mpya. Udongo mweusi ukwanguliwe wote wakati huu umekauka, usiachwe hata kwenye mashimo. Moramu ikwaruzwe kwa mistari inayokatiza mteremko, kamwe si ya kushuka nao. Pingili za sentimita 10 zikatwe kwenye ukanda ule wa kusini, majani ya chini yaondolewe, zilazwe kivulini siku mbili tatu hadi mahali pa mkato pakauke, kisha zipandwe mwezi Septemba kwa nafasi ileile ya sentimita 30. Maji ya kopo la kunyunyizia, asubuhi, mara mbili kwa wiki katika wiki mbili za kwanza, halafu mara moja kwa wiki hadi vuli ishike mwezi Oktoba. Baada ya hapo boza lipelekwe kwingine. Palizi ifanywe kwa mkono msimu wa kwanza tu, maana zulia likishafunga magugu hayapati mwanga. Samadi isiletwe. Ukanda wa kusini nao usikatwe zaidi ya theluthi moja, ili ubaki na nguvu ya kutoa pingili za kuzibia mapengo baada ya vuli.

Na kabla ya yote hayo, kipengele cha udongo kifutwe katika mkataba wa daraja linalofuata. Moramu yake imeshaanza kukatwa.