Santuri au Dijitali: Kuupima Muziki wa Ukambani Nyumbani

Nyimbo nyingi za benga ya Kikamba za miaka ya 1970 na 1980 zilikatwa vipande viwili, kwa kuwa santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kuubeba wimbo mzima upande mmoja. Upande wa kwanza mwimbaji anasimulia kisa chake. Ukigeuza, maneno yanapungua, magitaa yanafunguka na mwendo unapanda hadi mwisho. Ndivyo tulivyopokea kazi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, za Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na za Kalambya Sisters waliotamba na Katelina. Kwa hiyo mtu wa Kitui au Makueni anayetaka kuboresha mitambo yake ya muziki, kabla hajauliza kama santuri inaishinda dijitali, ajiulize nakala bora ya muziki anaoupenda iko wapi leo.

Kwa Ken wa Maria au Katombi jibu ni rahisi. Muziki wao ulizaliwa ndani ya kompyuta, na kuutafutia santuri ni kupoteza nauli. Kwa Kakai, aliyefariki mwaka 1987, mambo ni tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya kinachouzwa kwenye flashi pale Wote, Emali au Mwingi kilitoka kwenye santuri, kikaingia kaseti, kaseti ikanakiliwa kwa kaseti nyingine, kisha mtu akaibana ikawa faili ndogo. Anayesikiliza faili hiyo na kusema dijitali haina ladha anailaumu dijitali kwa makosa ya kaseti. Dijitali yenyewe haina kasoro hiyo. Kipimo cha CD, sampuli 44,100 kwa sekunde, kinatosha kubeba kila sauti ambayo sikio la mtu mzima linaweza kuisikia.

Basi ujue kupima nakala. Anza na ukubwa wa faili: wimbo wa dakika nne usiobanwa una megabaiti 40 hivi, uliobanwa bila kupoteza kitu una 20 na kitu, na ule wa MP3 ya kiwango cha chini una 4 tu. Lakini faili kubwa inaweza kuwa imetengenezwa kutokana na ndogo, kwa hiyo sikio ndilo hakimu. Sikiliza matoazi ya ngoma. Yakivuma kama maji badala ya kulia chuma, faili imebanwa kupita kiasi. Sikiliza besi: katika benga besi huongea, hujibizana na gitaa la solo, na kila noti ina mwanzo wake. Ikiwa unasikia mngurumo tu, kaseti imepita hapo. Halafu sikiliza pale upande wa kwanza unapoungana na wa pili. Mnakili mwenye heshima ameacha pumzi fupi au ameunga kwa uangalifu. Mzembe amekata magitaa katikati, na mara nyingi upande wa pili ameuacha kabisa. Mimi nakala isiyo na upande wa pili siichukui hata kwa bure.

Kwa santuri yenyewe, toka nayo nje uitazame kwa jua la pembeni. Mkwaruzo mmoja mweupe unatisha macho kuliko unavyoumiza sauti. Utasikia mdundo mdogo kila mzunguko, basi. Kinachoua santuri ni rangi ya kijivu ndani ya mifuo, dalili kwamba sindano butu na nzito imeichimba kwa miaka. Nyingi za santuri hizi zilipigwa baani, au nyumbani kwa mashine za betri ambazo mikono yake ilikuwa mizito kuliko inavyofaa.

Tazama zaidi karibu na lebo. Sindano ikiwa ukingoni, mfuo wa santuri ya 45 hupita chini yake kwa sentimita 40 hivi kila sekunde. Ikifika karibu na lebo mwendo umeshuka hadi 25 hivi, ijapokuwa sahani inazunguka vilevile. Sauti zilezile nyembamba sasa zimesongamana katika nafasi ndogo, na hapo ndipo uchakavu hujitokeza kwanza. Na benga hupandia mwishoni! Utamu wote wa Kyanganga umewekwa pale ambapo santuri ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea mwanzo wa upande wa kwanza, mshukuru, kisha mwombe akuwekee nusu dakika ya mwisho ya upande wa pili. Magitaa yakibaki mawili, kila moja na njia yake, lipa. Yakigeuka mkwaruzo mmoja, rudisha.

Chungulia pia tundu la katikati. Likiwa limepanuka upande mmoja, santuri itayumba na sauti za akina dada wa Kalambya zitapanda na kushuka. Santuri iliyopinda kwa joto iache. Gari lililofungwa madirisha juani Kibwezi linatosha kuiharibu. Jijini Nairobi utapata pa kuchagua kwa utulivu katika duka la Melodica, Mtaa wa Tom Mboya, au kibanda cha Jimmy Rugami katika soko la Kenyatta.

Mashine ina mitego yake. Ya mtumba kutoka Marekani huenda ikawa na mota inayofuata umeme wa hezi 60. Hata ukiipatia transfoma ya kushusha volti, kwenye umeme wetu wa hezi 50 mizunguko 45 inakuwa 37 na nusu, na Kakai anaimba kama mtu aliyelewa usingizi. Chagua yenye mkanda na mota ya umeme wa moja kwa moja, yenye mkono unaoweza kupimwa uzito. Gramu mbili hivi zinafaa sindano nyingi za sumaku. Usiichomeke moja kwa moja kwenye wufa ya kawaida, kwani santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, na ni lazima pawe na kifaa cha kurudisha mizani hiyo. Wanaotumia sola vijijini Mutomo au Kathonzweni wachunguze inveta: ile ya bei rahisi huingiza mvumo ambao mashine ya santuri huukuza kuliko kifaa kingine chochote.

Uamuzi wangu ni huu. Usiye na santuri za urithi, nunua spika nzuri kwanza, kisha kigeuzi kidogo cha dijitali (DAC), na utafute faili zisizobanwa. Pesa inayobaki weka pazia nzito na zulia, maana nyumba ya mawe yenye bati lisilo na dari hupiga mwangwi unaoficha kila tofauti niliyoitaja. Mwenye sanduku la santuri za baba au mjomba, nunua mashine, hata kama utasikiliza kwa simu siku nyingi, kwa sababu pengine unashikilia nakala safi kuliko zote zilizobaki za wimbo fulani.

Sanduku hilo linakudai kazi. Osha kila santuri kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, bila kulowesha lebo, uondoe vumbi jekundu kabla sindano haijaligeuza msasa. Weka sindano mpya, rekodi pande zote mbili bila kubana, na usiruhusu programu ifute mchakacho kwenye nakala ya kwanza, kwani hufuta na matoazi. Kwenye jina la faili andika bendi, lebo na namba iliyochapwa juu yake. Kisha zisimamishe santuri wima ndani ya bahasha za karatasi, kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana.