"Bado Hatujajaaliwa": Sarufi ya Kusubiri na Kuamua katika Lugha ya Utungisho

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati na sarufi ya Kiswahili katika kuzungumzia ugumba na utungisho wa nje ya mwili. Yanaanzia katika simulizi la kisima cha Pujini, Pemba, yanachunguza maneno tasa, mgumba na upandikizaji wa mimba, kisha yanaangalia suala la uamuzi katika riwaya ya Chozi la Heri na katika fatwa za Kiislamu. Yanadai kwamba nomino zetu hutoa hukumu kabla ya jambo kwisha, ilhali kitenzi cha Kiswahili kina uwezo wa kueleza kusubiri. Kinachopungua ni nafasi ya nafsi inayoamua.

1. Utangulizi

Katika magofu ya Pujini, wilayani Chake Chake, kuna kisima kinachohusishwa na Mkama Ndume, mtawala anayekumbukwa kwa ukatili wake. Jina lake hufasiriwa kuwa mkamuaji wa wanaume, na ngome yake inakadiriwa kuwa ya karne ya 15. Husimuliwa kwamba wake zake wawili walioneana wivu, naye akajenga ukuta ndani ya kisima ili wasikutane: mmoja alishuka kwa ngazi, mwingine aliteka kwa ndoo na kamba. Kisa hiki huelezwa kuwa cha wivu. Mimi nakisoma pia kuwa kisa cha watu wenye haja moja waliowekewa kizuizi cha kusemezana. Hali hiyo haiko mbali na ya mke na mume wanaotafuta mtoto katika jamii ambayo swali la kwanza baada ya salamu huweza kuwa: "Mmejaaliwa?"

Suala hili si la wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake.

2. Nomino inayohukumu, kitenzi kinachosubiri

Maneno tasa na mgumba hutaja aina ya mtu. Hayana wakati wala hali. Anayeitwa hivyo amekwisha kuwekwa katika fungu lake. Mwanafunzi wa shule hukutana tena na tasa katika namba tasa, namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na maana ya kufungika huzidi kukaza. Zaidi ya hayo, katika matumizi ya kila siku tasa huelekezwa kwa mwanamke, ingawa chanzo cha ugumba huweza kuwa kwa mume, kwa mke, kwa wote wawili, au kisijulikane. Palipo na talaka na uke wenza, neno hilo huweza kuamua hatima ya ndoa kabla mume hajapimwa.

Kitenzi kina nafasi pana zaidi:

(1) a. Hajazaa.
    b. Hazai.
    c. Hakuzaa.

Sentensi (1b) inafunga mlango kwa kuifanya hali kuwa tabia, na (1c) inaufunga kwa kuirudisha nyuma. Aghalabu ndiyo tunayoisema juu ya mkongwe au marehemu. Ni (1a) pekee inayouacha mlango wazi, kwani kiambishi -ja- kinakanusha tendo bila kukanusha uwezekano wake. Hata hivyo, kiambishi hicho hicho kinabeba deni. Kusema hajazaa ni kudokeza kwamba ilitarajiwa awe amezaa. Matumaini na shinikizo vimekaa katika silabi moja.

Jibu la heshima, "Bado hatujajaaliwa", linapunguza deni hilo. Kauli ya kutendwa inamwacha Mtenda bila kutajwa, naye anajulikana kuwa ni Mungu. Muulizaji hana tena wa kumlaumu. Huenda ikasemwa kwamba jibu hili ni stara tu. Nakubali, na stara ni haki ya wanandoa. Lakini stara waliyoichagua wenyewe ni tofauti na kimya kinachotokana na kukosa maneno.

3. Istilahi inayoficha siku

Tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, utungisho wa nje ya mwili umeenea hadi kwetu: Kampala ilishuhudia uzazi wa aina hiyo mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Kiswahili cha magazeti huuita upandikizaji wa mimba. Neno ni la shambani, nalo Mpemba analijua vizuri: mche hutolewa kitaluni ukapandikizwa kondeni. Ila anayepandikiza mche tayari anao. Istilahi hii inataja mimba kana kwamba ipo tangu mwanzo, na inaufanya mwili wa mwanamke kuwa konde linalongoja mkono wa mwingine.

Mchakato wenyewe umejaa vipindi vya kungoja. Kuna sindano za homoni, kwa kawaida kwa siku zipatazo 10 hivi; kuna kutolewa mayai; kuna usiku wa kungoja kujua ni mangapi yametungishwa; kuna siku 3 hadi 5 za viinitete maabarani, na idadi yao huweza kupungua siku hata siku. Baada ya kiinitete kuhamishiwa katika mji wa mimba, hubaki takriban wiki 2 kabla ya kipimo cha damu. Katika wiki hizo mwanamke hawezi kusema "nina mimba" wala "sina mimba". Sentensi ya kweli aliyonayo ni "haijajulikana".

Kila kipindi kina uamuzi wake. Kihamishwe kiinitete kimoja, au viwili pamoja na hatari zinazoongezeka kwa mimba ya mapacha? Vinavyobaki vigandishwe? Jaribio likishindikana, fedha nyingine zitafutwe na safari ya meli kutoka Mkoani kuvuka bahari ianze upya, au basi? Istilahi upandikizaji inataja siku moja tu kati ya siku hizi zote, tena siku ambayo maamuzi mengi yamekwisha kupita.

Lugha ina kitenzi kilicho bora zaidi: kutunga. Ushanga hutungwa, shairi hutungwa, mimba hutunga. Katika matumizi mawili ya kwanza yupo mtu anayeunganisha kimoja baada ya kingine kwa subira, na kazi huweza kukatika njiani. Kwa sababu hiyo napendekeza utungisho wa nje ya mwili uwe jina la mchakato mzima, na uhamishaji wa kiinitete uwe jina la siku ile moja.

4. Nafsi inayoamua

Fasihi imeligusa suala la uamuzi. Katika Chozi la Heri (2014), Assumpta K. Matei anawapa Mwangemi na Neema njia nyingine ya kuwa wazazi: wanampanga Mwaliko. Kitenzi kupanga kina nguvu kwa sababu watenda wake ni wanandoa wenyewe; hawajaaliwi, wanaamua. Lakini suluhisho hili halivuki bahari likafika Pujini lilivyo. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa mwingine hulelewa, wala nasaba yake haibadilishwi. Kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kawaida na la heri, ila hakumwondolei mtu swali la "mmejaaliwa?"

Kwa hiyo utungisho wa nje ya mwili unakuwa mzito zaidi hapa. Fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 na Sheikh Gad al-Haq iliuruhusu kwa sharti kwamba mbegu ziwe za mume na mayai yawe ya mke wake. Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu mwaka 1984 yai la mke mmoja libebwe na mke mwenza, kisha mwaka 1985 likaondoa ruhusa hiyo, kwa kuwa mke wa pili naye angeweza kushika mimba na mama asijulikane. Anayekijua kisima cha Pujini atauona tena ukuta ule, safari hii ukijengwa ili kulinda nasaba. Hata hivyo, fatwa huonyesha mipaka ya uamuzi. Uamuzi wenyewe hubaki kwa mke na mume. Swali la kujaribu mara ya tatu au kuacha halijibiwi na fatwa, na kauli ya kutendwa haiwapi wawili hao pa kulijibia.

5. Hitimisho

Sidai kwamba sarufi huleta mtoto. Ninachodai ni kwamba mke na mume wanaopewa nomino pekee huzungumza juu ya hukumu, na wanaopewa vitenzi vyenye nafsi na hali huweza kuzungumza juu ya kesho. "Bado hatujajaaliwa" ni sentensi nzuri na haistahili kuachwa. Inahitaji sentensi ya pili kando yake, yenye nafsi ya kwanza wingi katika kauli ya kutenda: "tumeamua kujaribu tena", au, kwa heshima iyo hiyo, "tumeamua kuacha". Watunga istilahi wanaweza kuanza na majina ya siku. Waandishi wa riwaya wana kazi kubwa zaidi: zile wiki 2, ambamo hakuna linaloonekana kutokea, bado zinasubiri sura yake.