Mkwaju Hakufika Dagoni

Nilipojitolea kufundisha kinga ya Ukimwi Kilwa Kivinje, tegemeo langu lilikuwa Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Ni mchezo mtamu. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, aliwachekesha wavuvi hadi machozi. "Hayo ya madereva, mwalimu," alisema nahodha mmoja, "sisi twalala baharini." Malori kweli yalikuwa machache, daraja la Rufiji lilifunguliwa 2003. Lakini wavuvi wakipiga dago hukaa miezi mbali na wake zao. Watunzi walimfanya Mkwaju mbaya mno, kila msikilizaji akamwona jirani yake. Nami, mtu wa bara, nilicheka nao. Nahodha yule tulimzika.