Saa Isiyo na Mishale

Mvuvi wa ndoana wa Mto Ruvu haoni upungufu wowote kwa kukosa rili. Kule Mlandizi, na pale barabara ya Morogoro inapouvuka mto, anatosheka na nailoni aliyoizungushia kipande cha mti au chupa ya plastiki, chubwi moja, na minyoo aliyoichimba kando ya maji. Anauzungusha mshipi hewani, anauachia, kisha anaulaza juu ya kidole cha shahada na kusubiri. Kambare akigusa chambo, kidole kinajua kabla ya jicho. Rili yoyote inayoletwa kwenye mto huu naipima kwanza kwa kipimo hicho: inamwachia mvuvi kidole chake, au inamnyang'anya?

Ninayotaka kuizungumzia ni Ambassadeur, ile ya duara, 6500 yenye alama ya C4. Ukiiweka mezani utadhani imetoka kwenye sanduku la babu. Mabamba mawili ya mviringo yanang'aa huku na huku, nguzo nyembamba za chuma zimeyaunganisha, spuli iko katikati, na upande wa kulia kuna mkono wenye vishikio viwili na nyota ya kukazia breki. Sura hiyo haijabadilika sana tangu mwaka 1952, kampuni ya ABU ya Svängsta, kusini mwa Uswidi, ilipotoa Ambassadeur 5000 yenye mabamba mekundu. Anayeijua ya zamani ataitambua hii ya leo kwa mbali. Lakini akiipokea na kuizungusha, mkono utamwambia kwamba ndani mna mambo mengine.

ABU haikuanza na samaki. Carl August Borgström aliianzisha mwaka 1921 kama kiwanda cha saa, kisha ikaingia kwenye mita za teksi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoua biashara ya mita hizo, mafundi wale waliozoea kukata gia ndogo na kusawazisha ekseli nyembamba wakaupeleka ujuzi wao kwenye rili. Wala hawakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Huko Marekani, rili ambazo spuli yake huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa mkono huanzia kwa George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris, jimbo la Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo kizazi hadi kizazi chombo hiki kimekuwa mikononi mwa watu wa saa, na bado kinalionyesha hilo. Ambassadeur za mwanzo ziliuzwa ndani ya kikasha cha ngozi pamoja na kichupa cha oili, spana ndogo na vipuri. Mnunuzi alikabidhiwa mali yake akiwa ameshajulishwa kwamba kuifungua ni kazi yake.

Nilitaka kuona kama mtu wa fani hiyo ataitambua bila kuelezwa. Pale Maili Moja, Kibaha, yuko mzee mmoja fundi saa mwenye kimeza cha kioo chini ya mwavuli, na kelele zote za stendi hazimbabaishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini leo?"

"Rili, mzee. Ya kuvulia samaki. Nataka uiangalie ndani."

Hakuniuliza inafunguliwaje. Alizipapasa skrubu za pembeni, akagundua kwamba vichwa vyake vimechongwa mikwaruzo ili vifunguke kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuiweka bisibisi pembeni. Bamba likatoka. Akaivuta spuli, akaishika ekseli yake kwa ncha za vidole viwili, akaipuliza. Ikazunguka kimya, na ikaendelea kuzunguka wakati ameshainamia kitu kingine. Alikuwa amekiona kile kijiti kilicho mbele ya spuli, chenye mifereji miwili iliyokatwa kwa kupishana, mmoja ukienda kulia na mwingine ukirudi kushoto. Ndani ya mifereji hiyo hutembea kijino kimoja kidogo cha chuma, nacho ndicho kinachokiburuta kipanga mshipi huku na huku ili nailoni ijilaze safu kwa safu badala ya kurundikana mahali pamoja. Mzee aliweka lenzi jichoni, akachukua pini, akaufuata mfereji tangu mwanzo hadi pale unapofika mwisho na kugeuka. Kwenye kona hiyo alikaa muda mrefu. Hapo ndipo kazi mbovu hujifichua, maana kijino kikigonga ukingo wa kona badala ya kuteleza, mvuvi atausikia mgongano huo kila safu inapokwisha, na baada ya miezi kijino kimekwisha.

"Aliyekata hii hakuwa na haraka," alisema. Kisha, bila kuinua kichwa: "Hii ni saa, mwanangu. Hawakuitia mishale tu."

Sijasikia tathmini iliyo bora kuliko hiyo. Yaliyobaki ni kueleza wapi saa hiyo imetiwa roho mpya, na kwa nini hapo.

Ugonjwa wa rili za aina hii ni mmoja na unajulikana. Chambo hutoka kwa kasi, hewa ikaanza kukipunguza kasi, lakini spuli haina habari. Inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile ya mwanzo. Mshipi unatolewa haraka kuliko unavyoondoka, unafumuka juu ya spuli na kujisokota fundo juu ya fundo. Katika Ambassadeur za mwanzo dawa ilikuwa vipande viwili vidogo vya breki vilivyovikwa kwenye vijiti ubavuni mwa spuli. Spuli ikienda mbio vinatupwa nje na kukwaruza pete iliyo ndani ya bamba. Ikipunguza mwendo vinalegea vyenyewe. Yaliyobaki yalimaliziwa na kidole gumba. Dawa ilifanya kazi, lakini ilimtaka mtu mwenye gumba lililofundishwa miaka.

C4 ina pini sita badala ya mbili, na mvuvi anachagua ni ngapi zifanye kazi. Kanuni ni ileile ya zamani. Kilichoongezwa ni uwezo wa kupima. Chambo kizito siku tulivu, pini chache zinatosha. Upepo ukikupiga usoni, ziwashe zaidi. Wengine wamefika mbali kuliko hapo. Kuna rili zenye sumaku zinazoipunguza spuli ya alumini bila kuigusa, na Shimano wanatengeneza zenye kompyuta ndogo ndani yake, inayojipatia umeme kutokana na mzunguko wa spuli yenyewe bila betri. Hiyo ya mwisho ni kazi ya akili kubwa na naiheshimu. Hata hivyo ningechagua pini. Pini hubana kwa nguvu pale spuli inapokimbia mno, yaani mwanzoni mwa mtupo, kisha zinajiondoa na kuniachia mimi sehemu ya mwisho, chambo kinapokaribia maji. Sehemu hiyo ndiyo ya kidole, nami siko tayari kuiuza. Tena kipande cha breki kikipotea, fundi mwenye subira anaweza kukichonga kingine hapahapa mjini.

Pahali pengine palipoguswa ni breki ya kumzuia samaki, ile inayokazwa kwa nyota. Ni washa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikisuguana samaki anapovuta. Shida ya washa za zamani ni kuganda kabla ya kuanza kuteleza: zinashikilia, zinashikilia, kisha zinaachia ghafla, na katika mshtuko huo ndipo nailoni hukatika au ndoana hung'oka. Za C4 ni za kaboni, na nguvu ya kuanza kwake karibu inalingana na nguvu ya kuendelea. Jaribu nyumbani kwa kufunga mshipi kwenye kitasa cha mlango na kurudi nyuma taratibu. Utaona ncha ya fimbo inapinda na kubaki pale ilipo, bila kuruka, huku mshipi ukitoka.

Mkono nao haurudi nyuma tena. Zamani ulikuwa na uhuru kidogo kabla ya kushikwa na jino la ndani, na mvuvi akimtia samaki ndoana kwa nguvu alihisi ule mchezo. Sasa kuna beringi ya kuelekea upande mmoja tu, na mkono husimama pale ulipouacha. Gia ni za shaba, na mzunguko mmoja unaizungusha spuli mara 6.3. Hayo ndiyo mapya ya maana. Ukiyatazama utaona kila kipya kimewekwa mahali palipokuwa panauma, na pasipouma hapakuguswa. Hii ndiyo sababu ya mimi kuiamini sura yake ya kizee. Siku hizi zipo rili zilizopakwa rangi za zamani na kuchorwa maua ya zamani, na ukizifungua unakuta plastiki. Duara la Ambassadeur lina kazi: linaipa gia kubwa nafasi ya kukaa, linaiweka pete ya breki sawasawa na ekseli, na linabeba mita 200 na ushei za mshipi mnene kiasi cha kumvuta kambare mkubwa kutoka kwenye matete.

Nimeitumia kwenye maji ya aina mbili. Bwawa la Minaki, Kisarawe, karibu na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ni mahali pa kujifunzia, maji yametulia na vilima vinakata upepo. Hapo nilifanya marekebisho ya msingi, ambayo kila mwenye rili ya aina hii ayafanye kabla ya kutupa: shika fimbo usawa wa kifua, bonyeza kiachio, legeza kitufe cha pembeni hadi chambo kianze kushuka polepole, na kinapogusa ardhi spuli isimame yenyewe. Ikiendelea kuzunguka, kaza kidogo. Hapo ndipo utakapojua ubora wa beringi, kwa sababu rili mbovu ama haiteremshi kabisa ama inaporomosha. Kati ya hizo mbili hamna kitu. Hii ina nafasi pana ya katikati, na kitufe kinajibu hata ukikigeuza kidogo sana.

Ruvu ni habari nyingine. Mto unatoka milima ya Uluguru na kwenda kumwaga karibu na Bagamoyo, na una mamba na viboko, kwa hiyo mtu mwenye akili hasimami ukingoni kabisa. Anasimama juu, nyuma, na kutupa kwa mbali. Hapa ndipo rili inapompita mvuvi wa chupa: mkono mtupu hauwezi kupeleka chubwi ng'ambo ya mkondo kutoka juu ya ukingo na kuliweka pale unapotaka. Rili hii inaweza. Gumba likiwa limegusa spuli kwa wepesi, unausikia mshipi ukipungua chini yake, unasikia chambo kinavyopunguza mwendo, na unakibana juu ya kivuli cha mti ulioanguka. Kambare akichukua, kiachio kikiwa kimefunguliwa, gumba bado liko juu ya mshipi na linapata habari ileile ambayo kidole cha shahada cha mzee wa nailoni kinaipata. Kwa kipimo nilichoanza nacho, imefaulu.

Ruvu pia ni nyumbani kwa Hydrocynus tanzaniae, samaki wa meno marefu aliyeelezwa kisayansi mwaka 1986, anayepatikana katika Ruvu na katika mfumo wa Rufiji. Kinywa chake ni mfupa mtupu, ndoana haishiki kirahisi, na mbio zake za kwanza ni kali. Kwa samaki kama huyo ndipo washa za kaboni na mkono usiorudi nyuma vinapoacha kuwa anasa.

Yapo isiyoyaweza. Uzito wake ni karibu gramu 300, na kufikia saa sita mchana kifundo cha mkono kinaujua uzito huo. Rili bapa za kisasa zinakaa vizuri zaidi kiganjani na ni nyepesi. Spuli yake nayo ni nzito kidogo kuanza kuzunguka, kwa hiyo chambo bandia cha chini ya gramu 10 hakiendi popote. Anayevua perege kwa vitu vyepesi atafute chombo kingine. Na mto wetu ni wa tope. Mvua zikinyesha Uluguru, maji huja kahawia, na mshipi unarudi na mchanga laini unaojificha kwenye mifereji ya kipanga mshipi. Baada ya kuvua wakati wa masika, usisubiri kesho. Fungua skrubu kwa vidole, pitisha mswaki uliokwisha kwenye ile mifereji, futa, tia tone moja la oili kwenye kila beringi na grisi kidogo sana kwenye gia. Usitie oili kwenye pete ya breki, maana pini zitateleza na fundo utalipata mtupo wa kwanza.

Ukinunua iliyotumika, zungusha mkono taratibu huku ukikitazama kipanga mshipi kikifika mwisho wa safari yake. Kikisita kwenye kona, kijino kimelika. Kijino hicho ni kidogo na bei yake ni ndogo, nacho hutangulia kufa kuliko vyote vilivyomo. Agiza viwili, na kimoja kiweke ndani ya kikasha pamoja na kichupa cha oili.