Shingo ya Ganda na Kichwa cha Kusubu: Uchambuzi wa Ujazaji Upya wa Risasi ya Tokarev

Risasi ya Tokarev ya milimita 7.62 kwa 25 ni ya jamii ya risasi zenye shingo, yaani zile ambazo ganda lake huwa pana kuanzia kitakoni, likafika mahali likaingia ndani kwa mteremko uitwao bega, kisha likaendelea jembamba hadi mdomoni, ambapo hukaa kichwa, kile kipande kinachoruka bastola inapofyatuliwa. Umbo hilo lilitokana na risasi ya Kijerumani ya bastola ya Mauser ya mwaka 1896, na Muungano wa Kisovyeti uliichukua karibu kama ilivyokuwa kwa ajili ya bastola iliyobuniwa na Fedor Tokarev, ambayo ilikubaliwa jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kurahisishwa mwaka 1933. Ganda pana hubeba baruti nyingi kuliko wembamba wa mtutu unavyodokeza, hivyo kichwa chepesi cha gramu 5.5 hivi hutoka kwa kasi inayozidi mita 400 kwa sekunde. Tena ncha nyembamba inayotangulia kuingia katika chemba iliyo pana kuliko yenyewe haikwami kwa urahisi. Hata hivyo, shingo hiyohiyo ndiyo inayomtaabisha mtu anayejaza risasi hizi upya kwa vichwa vya madini ya risasi alivyovisubu mwenyewe, kwa kuwa kipimo cha kichwa kabla hakijaingia shingoni hakimwambii jambo analohitaji kulijua.

Waliolishughulikia jambo hili kwa kina ni walenga shabaha wa Marekani, ambako kujaza risasi upya nyumbani ni shughuli halali na ya siku nyingi. Awali hawakuwa na sababu ya kujisumbua, kwani masalio ya maghala ya kijeshi ya Ulaya Mashariki yaliuzwa kwa bei nafuu. Masalio hayo yalipoadimika, maganda yake hayakuwa ya kurudiwa kwa urahisi, kwa sababu mengi yalitengenezwa kwa fataki ya mtindo wa Berdan. Fataki ni kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowaka kikigongwa na pini, na katika mtindo huo moto wake hupita kwenye vitundu viwili vilivyo pembeni, kiasi kwamba kifaa cha kawaida cha kuing'oa, chenye sindano moja ya katikati, hakina pa kupenya. Baadhi ya wajazaji wakageukia maganda ya risasi ya bunduki ya .223 Remington, ambayo hupatikana kwa wingi, wakayakata na kuyasukuma ndani ya kalibu ya chuma ya kubania mpaka yapate bega na shingo mpya. Ujanja huo ulifanikiwa, lakini uliacha athari moja: shingo hiyo mpya hutokana na ukuta wa kiwiliwili cha ganda la zamani, na ukuta huo ni mnene kuliko shingo iliyokusudiwa.

Kusubu kwenyewe si kugumu kueleza. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 za Selsiasi, na huchanganywa na stani, ambayo huyafanya yajaze vizuri pembe zote za kalibu, pamoja na antimoni, ambayo huyapa ugumu. Kalibu ikiwa ya baridi kichwa hutoka na mikunjo, na ikizidi joto hutoka na uso uliofifia kama umepulizwa vumbi. Tone moja la maji likizama katika chungu hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini yaliyoyeyuka, na mavumbi ya madini haya ni sumu, kwa hiyo kazi hii hutaka mahali penye hewa, miwani, glavu, na kunawa mikono kabla ya kula.

Katika ugumu ndipo fikra za wengi zilipopotea. Kwa kipimo cha Brinell, madini ya risasi yasiyochanganywa yana ugumu wa 5 hivi, ilhali metali ya herufi za mashine za kuchapia za Linotype, yenye antimoni asilimia 12 hivi na stani asilimia 4, hufikia 22. Kwa kuwa kasi ya Tokarev ni kubwa, ilionekana dhahiri kwamba dawa ni metali ngumu kadiri iwezekanavyo. Lakini mtutu haupakwi madini kwa sababu ya ulaini peke yake. Mara nyingi hupakwa kwa sababu kichwa hakikuziba mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani yake, gesi ya moto ikapenya ubavuni, ikakikwangua na kuyabandika madini ukutani. Kichwa kigumu kilicho chembamba huvujisha gesi hiyo zaidi, kwa sababu hakikubali kutanuka kikajaza nafasi. Kanuni iliyothibitika ni kusukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu mtupu, kukipima kwa maikromita kikitoka, kisha kutengeneza kichwa kinachozidi kipimo hicho kwa elfu moja ya inchi, yaani takriban milimita 0.025.

Na hapo ndipo shingo inapoingilia kati. Mjazaji aliyefuata kanuni hiyo kwa uaminifu hukisukuma kichwa chake ndani ya ganda lililobanwa kwa kalibu iliyokusudiwa vichwa vyenye koti la shaba nyekundu, ambavyo ni vyembamba kidogo na vigumu zaidi. Ganda ni la shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na shaba hiyo, hasa ikiwa nene kama ilivyo katika ganda lililokatwa kutoka .223, ni ngumu kuliko kichwa. Badala ya shingo kutanuka, kichwa ndicho kinachosinyaa. Kwa nje risasi huonekana kamilifu. Ila kichwa kikivutwa tena kwa kifaa cha kung'olea na kupimwa, hukutwa kimepungua, pengine kwa kiasi kilekile kilichoongezwa kwa makusudi, na mdomoni mwa ganda husalia uzi mwembamba wa madini yaliyokwanguliwa. Mtutu ukichafuka, hulaumiwa mchanganyiko wa metali, baruti au nta ya kulainishia, wakati kosa lilitendeka mezani. Ndiyo maana kipimo kinachostahili kuaminiwa ni kile kinachochukuliwa baada ya kichwa kung'olewa shingoni, na ni ajabu kwamba hatua nyepesi namna hiyo huachwa na watu wanaopima baruti kwa uangalifu mkubwa.

Tiba yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutanua shingo kwa kijiti cha chuma chenye ngazi mbili, ya chini ikiwa nyembamba kidogo tu kuliko kichwa cha kusubu na ya juu ikiuachia mdomo upana kidogo zaidi, ili kichwa kiketi bila kukwanguliwa. Ya pili huhusu maganda ya .223: shingo yake hukerezwa kwa ndani ili ukuta upungue, kwani ukuta mnene ukijumlishwa na kichwa kilichoongezwa upana hufanya shingo isiingie katika chemba, au iingie kwa kubanwa na kukataa kukiachia kichwa kwa wakati, jambo linalopandisha shinikizo hadi kiwango cha hatari.

Hata hivyo, shingo iliyotanuliwa kupita kiasi huleta hatari ya upande wa pili. Bastola inayojipakia huigongesha kila risasi kwenye mteremko wa kuingilia chemba, na kichwa kisichoshikwa imara hurudi ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua na shinikizo likapanda. Wengi hujaribu kuzuia hilo kwa kuubana mdomo kwa nguvu, lakini risasi ya Tokarev husimama chembani kwa bega lake, na mbano wa nguvu husukuma shaba kuelekea chini, bega likavimba kwa kiasi ambacho jicho halikioni na risasi ikagoma kuingia. Mbano unaofaa ni ule unaoondoa tu upanuzi wa mdomo; ushikaji wenyewe lazima utoke kwenye urefu wote wa shingo. Mtutu uliotolewa kwenye bastola hutosha kuwa kipimo: risasi iliyo sawa huanguka ndani yake kwa uzito wake yenyewe na kutoka vivyo hivyo.

Kupunguza kasi ili kichwa kisiumie ni shauri jema lenye mpaka, kwa sababu teke la bastola hii ndilo linalorudisha sehemu yake ya juu nyuma, kutoa ganda tupu na kupakia risasi inayofuata, na chaji iliyopungua mno huacha ganda limenaswa mlangoni. Vichwa vya kusubu vilivyo vizito kuliko vile vya kijeshi husaidia hapa, kwani huleta teke la kutosha kwa kasi ndogo, mradi urefu wa risasi nzima uingie katika magazini na chaji ya baruti itoke katika kitabu cha vipimo kilichoandaliwa kwa kichwa cha uzito huohuo, kwa kuwa kichwa kizito huingia ndani zaidi ya ganda na chaji ya kichwa chepesi haikifai. Anayetaka kasi kamili ya kiwandani huongeza kitakoni mwa kichwa kikombe chembamba cha shaba nyekundu kinachozuia gesi isiyaguse madini, na kikombe hicho nacho hakitafanya kazi ipasavyo iwapo shingo imekwisha kukisinyaza kichwa juu yake.