Mlango wa Duncan

Shuleni tulikaririshwa kwamba kilichomwangamiza Macbeth ni tamaa, mke na wachawi. Basi. Mandhari ikapewa mstari mmoja ubaoni: Uskochi, ndani ya ngome. Nimeurudia mchezo huo katika tafsiri ya S. Mushi ya mwaka 1968, na sasa nasema mstari tulioupuuza ndio uliobeba mzigo wote.

Ndugu msomaji, Duncan wa kwenye historia hakuuawa kitandani. Alikufa vitani mwaka 1040 akipigana na Macbeth. Tena Uskochi ya wakati ule haikuwa na ngome kubwa za mawe. Shakespeare, akiandika mnamo 1606, akamlaza mfalme chumbani. Kwa nini?

Kwa sababu ngome humpanga mtu. Itazame Castle Rising ya Uingereza, iliyoanza kujengwa mnamo 1138. Mgeni haingii hivi hivi. Anapanda ngazi ndefu ndani ya jengo la ubavuni, anapita mlango baada ya mlango, anasubiri kwenye chumba cha mapokezi, ndipo auone ukumbi wa bwana. Unapozuiwa ndipo cheo chako kinapoishia. Anayefika kitandani kwa bwana ni mtu wa ndani kabisa.

Sasa rudi kwa Macbeth. Ni ndugu wa Duncan, raia wake, tena mwenyeji wake. Mwenyewe anakiri kuwa kazi yake ni kumfungia muuaji mlango. Akivuka kizingiti kile na kisu mkononi, anajivua yote matatu kwa usiku mmoja. Alfajiri Macduff anagonga. Bawabu mlevi anajifanya mlinzi wa lango la jehanamu, nasi tunacheka, kumbe anasema kweli! Halafu Macbeth anamsindikiza Macduff, anamwonyesha mlango wa mfalme, yeye anabaki nje. Hotuba zake zote hazimfichui kama hatua hizo chache.

Nilipoufungua tena mswada wangu wa riwaya niliona aibu. Wahusika wangu wanapita kila chumba kama upepo, mwenye nyumba na mpangaji sawasawa. Ndiyo maana hawana sura. Chipukizi mwenzangu, kabla hujampa mhusika maneno ya kusema, jiulize kwanza: ni mlango gani haruhusiwi kuufungua?