Pongezi kwa Mafundi wa Matairi wa Kasumbalesa

Pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, malori ya shaba na kobalti husubiri zamu yao kwenye foleni ndefu. Kabla ya safari ya kwenda bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban, mengi hupita mikononi mwa fundi wa matairi.

Tairi si mpira mtupu. Ni mpira ulioshikamana na nyuzi na waya za chuma, kila kimoja kikikipa kingine nguvu. Maabara hupima vitu vya namna hiyo kwa mashine inayovuta kipande hadi kikatike. Fundi wetu ana nyundo, geji ya upepo na beseni la maji. Hugonga, akasikiliza; mlio mzito humwambia upepo umepungua. Huzamisha mpira wa ndani, akafuata mapovu hadi kwenye tundu.

Wahandisi wa ndege nao hugonga plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, wakisikiliza mahali matabaka yalipoachana. Elimu ni ile ile: sikio makini na subira.

Mafundi wa Kasumbalesa, hongereni! Dereva anayefika salama amebebwa na uangalifu wenu.